Petroli Chini ya Kitanda cha Habuba

Sijui Habuba alizaliwa wapi wala lini. Siku niliyothubutu kumuuliza aliniambia hayo ni maswali ya askari wa mpakani, akanigeuzia mgongo akaendelea kumimina petroli. Ninachojua ni kwamba alikuwa jirani yangu katika mji wa mpakani wa Koboko kwa miaka mingi, na kwamba mji mzima, Mnubi na Mkakwa na Mlugbara, ulimwita Habuba, yaani bibi kwa Kinubi. Hata polisi walimwita hivyo. Nadhani ndiyo maana hawakuwahi kumkamata, maana nani atamfunga pingu bibi yake?

Tulipanga nyumba moja ndefu ya mabati, iliyokatwa katikati kwa ukuta wa tofali moja. Ukuta wenyewe haukufika juu. Fundi alichoka, au saruji ilimwishia, Mungu ndiye ajuaye, akaacha nafasi ya kupita paka kati ya tofali la mwisho na bati. Upande mmoja nilikaa mimi, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na watoto wangu wawili. Mume wangu alifanya kazi Arua na kurudi mwisho wa wiki. Upande wa pili alikaa Habuba, mjukuu wake wa kike aliyemlea tangu akinyonya, na petroli.

Petroli ilikaa chini ya kitanda chake, kwenye majerikeni yaliyofunikwa shuka safi lenye maua. Asubuhi aliitoa, akaimimina kwenye chupa za maji ya kunywa, akazipanga juu ya meza kando ya barabara, na vijana wa boda wakaja mmoja mmoja kabla ya kuelekea Midia na Ludara. Kituo cha mafuta chenye pampu kilikuwepo upande wa pili wa mji, lakini vijana walisema pampu husema uongo, chupa haijui kusema. Jioni zile chupa ambazo hazikununuliwa zilirudi chini ya kitanda. Na kitanda hicho, jamani, kilikuwa kimeegemea ukuta wetu. Nilihamisha kitanda cha watoto mpaka kona ya mbali kabisa, na changu nikakiacha pale pale kwa sababu chumba kiliisha.

Mtaniuliza kwa nini sikuhama. Nilipojifungua mtoto wa pili, mume wangu akiwa Arua na mama yangu mgonjwa, Habuba ndiye aliyemwosha mtoto, akanipikia uji, akanikanda mgongo kwa maji ya moto huku akinitukana kwamba walimu wana mifupa laini. Mtu kama huyo unamhamaje? Nilimpenda, nilimwogopa, na petroli yake niliichukia. Hayo matatu yalikaa pamoja moyoni mwangu bila kugombana.

Fahari yake ilikuwa pua. Dereva alipoleta mafuta kutoka Arua, Habuba alifungua jerikeni, akafumba macho, akavuta hewa taratibu kama mtu anayesikiliza. "Hii imekaa pamoja na mafuta ya taa," alisema siku moja. Dereva akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake. Habuba akadondosha tone kwenye kiganja, akapuliza, akamwekea kiganja usoni. Kiliteleza kwa mafuta. "Petroli iko na adabu, inakuja, inakwenda. Hii imekaa. Nani alialika yeye?" Dereva alipakia jerikeni lake akaondoka.

Kiswahili changu kilimchekesha. Aliniambia, "Mwalimu, Kiswahili yako iko ya redio. Mutu anaogopa kujibu, anangoja habari iishe." Mimi nilimwambia chake ni cha kambi ya jeshi, akafurahi sana, akasema ndiyo, kile ndicho kilichopigana vita, changu kilibaki nyumbani kikifua nguo.

Sasa sikilizeni mambo yake ya usalama. Mwaka niliochoka na mkaa nilinunua jiko la gesi na mtungi mdogo. Nikampelekea Habuba birika la chai ya kwanza, kwa heshima. Aliitazama ile chai, akaisukuma mbali.

"Mimi hapana kunywa chai ya bomu."

"Habuba, ni gesi tu."

"Gesi iko bomu ambayo imelala. Wewe umeleta bomu karibu na ukuta yangu?"

Ukuta wake! Kabla sijatoa sauti, alikwisha kumwita mwenyekiti wa kijiji. Mzee wa watu alifika, akakaribishwa, na kwa kuwa viti vilikuwa nje vinakauka akakalishwa kitandani. Habuba akamweleza namna mwalimu anavyotaka kuua watoto wa jirani kwa mtungi. Mwenyekiti alitingisha kichwa akikubali, mpaka akauliza, "Habuba, na hii harufu?" Akainua pindo la shuka lenye maua. Akalishusha taratibu sana. Akainuka kwa makini, mikono hewani, akatoka kinyumenyume hadi uani, na huko ndiko alikotolea hukumu, kwa sauti kubwa, kutoka mbali: kila mtu aangalie moto wake. Nyani haoni kundule. Mtungi wangu ulibaki, majerikeni yake yakabaki, na Habuba akanisusia chai hadi msimu wa mvua.

Haki ya Mungu, lakini, hakuwa mjinga wa moto. Ndani mwake hapakuwashwa kiberiti. Alipikia mwisho wa ua, alimulika kwa tochi, na kijana aliyemkaribia na sigara alipigwa kwa faneli ya kumiminia petroli. Hata udi, ambao mwanamke wa Kinubi hawezi kuukosa, hakuufukiza kwake. Alikuja kwangu kila Alhamisi alasiri na chetezo chake, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye ule ule ukuta, akaweka makaa. Nikamwambia, "Habuba, moto ni moto hata ukiwa upande huu." Akasema hapana, moto na petroli ni kama wake wenza, ukiwapa kila mmoja nyumba yake hawapigani. Nikamwonyesha ile nafasi ya paka juu ya ukuta. Akaitazama akasema paka hajawahi kuivuka.

Kila aliyekuja na mafuta mapya alikuwa adui yake. Wakati fulani petroli ilipoadimika, kijana mmoja wa Ludara alitia pombe kali ya muhogo kwenye tangi la pikipiki. Ikafika mbele ya meza ya Habuba ikikohoa, ikapiga chafya, ikafa. Habuba alitoka akaisimamia kichwani kama mwosha maiti.

"Astaghfirullahi! Umelewesha chombo cha kazi. Mimi siwezi kuuzia petroli pikipiki ambaye anakunywa."

"Habuba, yeye ni Mkatoliki," kijana akajibu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akamuuzia, ila kwanza akamlazimisha amwage ile pombe yote shimoni, na wazee wawili waliokuwa wamekaa karibu waliondoka na huzuni ya kweli.

Kisha akaja yule bwana wa maji. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, pikapu nyeupe, na chini ya boneti chupa nene ya plastiki yenye nyaya na maji yanayotoa mapovu. Alikusanya watu stendi akatangaza kwamba hiyo ni haidrojeni, gari linakunywa maji, mwisho wa petroli umefika. Wenye magari wakaanza kugusa mifuko. Habuba aliposikia mwisho wa petroli umefika, alivaa toub yake ya sikukuu, ile nguo ndefu ya kujitanda, akaenda.

Aliizunguka ile pikapu mara kadhaa. Akauliza maji hayo ni ya kisima au ya mvua. Kijana akasema yoyote, mama. Habuba akasema mashallah. Akaamuru jerikeni tupu na mpira wa kunyonyea mafuta.

"Mtoto wangu, Mungu amekupa maji. Basi hii petroli ambayo iko ndani ya tangi yako inafanya nini? Nitaondolea wewe huo mzigo. Halafu utakwenda Midia na kurudi, na sisi wote tutanunua."

Kijana akasema petroli ipo kidogo, ya kusaidia kuanzia. Habuba akasema, basi washa, na ikishaanza tutaitoa. Kijana akakumbuka ana miadi Arua. Umati uliachia kicheko kilichomsindikiza mpaka alipopotea.

Jioni nilimweleza mwalimu mwenzangu wa sayansi. Akasema haidrojeni si uongo, yenyewe inawaka na inaendesha magari kweli, ila kuitoa kwenye maji kunakula nguvu nyingi kuliko zile itakazokurudishia. Ile chupa ilitumia umeme wa betri, betri ilichajiwa na injini, na injini ilikunywa petroli. Ile ya kweli hubanwa kwenye mitungi imara mno, na inataka vituo vyake, na mafundi wake, na sisi hapa hata umeme wa kuchaji simu tunauombea dua.

"Na hatari je?" nikamuuliza.

"Hatari ipo. Inapenya penye mwanya mdogo na inawaka upesi. Ila ni nyepesi, ikivuja mahali pa wazi inapaa ikapotea. Mvuke wa petroli ni mzito. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unautafuta moto ulipo."

Nikamuuliza, kati ya mtungi wa haidrojeni na jerikeni chini ya kitanda cha mtu, yeye angelala karibu na kipi. Alijua ninapokaa. Aliniambia hilo ni swali zuri, akauliza habari za watoto.

Habuba naye, baada ya ushindi ule, alihubiri kwamba haidrojeni ni jini wa maji na asiyesikia atajionea. Na pikipiki za umeme zilipoanza kuonekana Arua, zikienda Inde na kurudi, alizitungia mzaha wake. Moja ilijikaza ikafika Koboko, ikazimika, mwenyewe akaisukuma kupita mezani. Habuba akampigia kelele, "Mbebe mgongoni, atalala!" Usiache mbachao kwa msala upitao, nikamwambia, akanitaka nimwandikie methali hiyo kwenye meza kwa rangi. Lakini wiki iliyofuata nilikwenda Arua, na nani nikamwona sokoni akishuka pikipiki ya umeme, toub imekaa vizuri, tabasamu mpaka masikioni? Aliponiona akashika kiuno. "Mwalimu, hii haitingishi mifupa," akanong'ona, "lakini ukisema Koboko, mimi na wewe tumekwisha."

Hadi hapa nimesimulia nikicheka. Mambo ya mjukuu hayakuchekesha.

Msichana alipata mchumba wa Arua, Mnubi mwenzao, kijana mpole. Mama mkwe akaja kumtazama bibi harusi. Alipokelewa kwa kisra, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi, akambusu msichana shavuni, akarudi nyuma kidogo. Hakusema kitu pale. Alisema barabarani, kwa mwanamke mwingine, na maneno yakarudi kabla gari lake halijafika Arua: mtoto mzuri, lakini ananuka kama kituo cha mafuta.

Sijawahi kumwona Habuba amekasirika namna ile. Alisema yule mama pua yake ni ya samaki mkavu. Alisema atamfukiza mjukuu wake mpaka Arua yote ipige chafya. Kwa Wanubi, bibi harusi huwekwa ndani kabla ya harusi, akaketi juu ya moshi wa kuni zenye harufu nzuri, amejifunika blanketi, mpaka ngozi yake ibadilike rangi na inukie. Wanaita dukhan. Shimo huchimbwa ndani, makaa huwekwa, na hufanyika kwa yule aliyemlea.

Kwa aliyemlea palikuwa na petroli. Basi Habuba akaja kwangu na jembe.

"Mwalimu, tutachimba hapa." Akaonyesha mguu wa kitanda changu, hatua moja kutoka ukutani.

Nikasema hapana. Katika miaka yote sikuwa nimewahi kumwambia Habuba hapana. Nikasema sitaki moto wa siku nyingi karibu na ule ukuta, nina watoto. Alinitazama kama nimemtemea mate. Akasema kumbe aliosha mtoto wa nyoka. Akaondoka na jembe lake, na baada ya hapo nikimsalimia anaitikia chupa zake.

Nililia, kweli. Nilitaka msichana afukizwe, aende kwa mume kichwa kikiwa juu. Na nilitaka wanangu waamke wazima. Sikuona njia ya kupata vyote viwili.

Asubuhi moja niliteremsha miguu kitandani, nikakanyaga majimaji. Yalikuwa yanatoka chini ya ukuta, taratibu, yakitafuta njia kati ya nyufa za sakafu. Harufu ilinipanda kichwani. Niliwatoa watoto nje wakiwa na nguo za kulalia, kisha nikapiga kelele mpaka Habuba akaja, na mjukuu wake nyuma yake.

Aliinama akavuta hewa. "Maji."

"Habuba, hii ni petroli!"

Akapiga magoti. Ile pua iliyowaumbua madereva wa Arua aliishusha mpaka ikakaribia kugusa sakafu. Akavuta, akavuta tena.

"Hakuna kitu. Maji tu. Mimi nafahamu petroli."

Mjukuu wake alikuwa mlangoni, kajiziba uso kwa mtandio. Akaanza kulia. "Habuba, mimi nasikia hiyo harufu kila siku. Hata nikioga. Mama yule hakusema uongo."

Habuba alichovya kidole, akadondosha tone kwenye kiganja, akapuliza. Tukatazama wote. Kiganja kikakauka papo hapo, kikabaki kitupu, safi kabisa.

Kisha aliinuka, akabeba majerikeni mwenyewe, moja moja, mojawapo likidondosha kwa ufa wa chini. Aliwaita vijana wa boda akawajazia matangi bure. Habuba, bure! Habari zilipofika sokoni watu walidhani amefariki, na akina mama kadhaa wakaja na vilemba vya matanga wakamkuta anafagia. Nyumba zetu mbili zikaachwa wazi, milango na madirisha, sakafu ikachimbuliwa, ikamwagwa mchanga mpya. Sisi wote tulilala shuleni, darasani. Mwalimu wa sayansi akasema tusubiri kabla ya kuwasha chochote, na harusi ikasogezwa mbele. Habuba, ambaye hakuwahi kuusubiri hata mwezi wa Ramadhani bila kunung'unika, alisubiri.

Msichana alifukizwa kwa bibi yake. Alitoka pale akinukia hivi kwamba mama mkwe, siku ya harusi, alimkumbatia na hakutaka kumwachia. Habuba alisimama kando, akiangalia nyuso za watu wanaomkaribia bibi harusi. Niligundua alikuwa anasoma nyuso, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Hakuuza petroli tena. Meza aliigeuza ya kuuzia nyanya, akazichukia, akasema nyanya hazina siri. Mwishowe mjukuu alimchukua wakakae wote Arua.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Amezeeka, mgongo umepinda, mdomo haujapinda hata kidogo. Mume wa mjukuu anaendesha pikipiki ya umeme, na Habuba ndiye anayesimamia betri za vijana wa mtaa zinazochajiwa hapo. Nikaanza kuogopa kwa mazoea, nikauliza zinachajiwa wapi. Akanishika mkono akanipeleka nje. Kulikuwa na kibanda cha mabati peke yake katikati ya uwanja, sakafu ya saruji, ndoo za mchanga mlangoni, na boda yenye tangi la petroli hairuhusiwi kuvuka geti.

Jirani yao, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anaanika nguo ng'ambo ya ua. Habuba akampungia.

"Umelala vizuri, binti yangu?"

"Nimelala, Habuba."

"Kila siku namuuliza," akaniambia tulipokuwa tunarudi ndani. "Kila siku." Akakaa kitako kitandani, akazungusha tasbihi vidoleni. "Wewe sikuuliza hata siku moja."

"Habuba, mimi nilikuwa nalala vizuri tu."

"Mwalimu, wewe unadanganya vibaya. Ukuta ile ilikuwa haifiki juu. Nilikuwa nasikia kitanda yako inalia mpaka alfajiri. Miaka yote nilisikia."

Alisogea, akapigapiga mto, akaniambia nivue viatu. Nikasema nimekuja kumwona, nina gari la kurudi Koboko, mimi ni mtu mzima. Akasema gari zitakuwepo na kesho. Nikavua viatu. Akanifunika shuka, akaketi miguuni pangu na tasbihi yake, akamwambia mjukuu afunge mlango watoto wasipige kelele, na mimi, mchana kweupe, nikalala usingizi hadi adhana ya magharibi.